Kitanda Kilichotoka Mapema

Wenzangu wa chumba cha upasuaji,

Siku mliyoniaga mlinipa kitenge, keki na kazi ya nyumbani. Kitenge nimeshakishona, keki mliila wenyewe, na kazi ya nyumbani ndiyo hii: mlitaka niandike niliyoyaona kazini kabla sijaanza kuyasahau. Habari za vyeo na mshahara nimeziacha, kwa kuwa za kwanza ni fupi na za pili zinaniudhi. Nimeandika habari za kamera, za maini ya watu, na za mume wangu. Naomba yabaki humo humo thieta. Yasifike kwa ndugu wa mume wangu huku Mbozi, na mkifika mwisho mtaona sababu.

Nilizaliwa milimani Ileje, nikasomea uuguzi, nikapangiwa hospitali yetu hapa kando ya barabara kuu, ambako ukilala unasikia malori ya Tunduma yakibadilisha gia. Siku ya kwanza thieta nilipokelewa na Sista Blandina, mkuu wa chumba, mama mfupi aliyekuwa akipanda kistuli ili aifikie meza ya upasuaji. Hakunikaribisha. Alinitazama viatu, akasema, "Vua hivyo, vinapiga kelele," kisha akanipa bakuli la vitambaa vya kufutia damu nivihesabu. Nikavihesabu. "Hesabu tena." Nikahesabu tena. "Tena." Nilidhani ananionea. Kumbe alitaka kuona kama nitachoka au nitanuna, na kwa kuwa nilinuna bila kuchoka, akanipa glavu.

Siku hizo kulijua ini la mtu kulikuwa kazi ngumu. Limejificha chini ya mbavu, halisemi mpaka limeharibika sana. Mgonjwa anakuja macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, anajikuna mpaka ngozi inachubuka, na altrasaundi yetu ya zamani inaonyesha ukungu mtupu. Ili ajue kuna nini, daktari alimpasua kuanzia chini ya kifua mpaka kupita kitovu. Ilikuwa kama kulifungua gunia zima la mahindi ili utazame kama lina dumuzi. Mara nyingi aliingiza mkono, akapapasa, akatikisa kichwa, akashona. Mgonjwa aliamka na kidonda kirefu huku ugonjwa uko pale pale. Wengine kidonda ndicho kilichowamaliza.

Kisha Daktari Sanga akarudi kutoka masomoni akiwa na ujuzi wa upasuaji wa matundu madogo. Alisumbua watu wa juu kwa muda mrefu, na siku moja mashine ikaja kwenye masanduku, nasi tukaizunguka kama wageni wa harusi. Ninyi mmeikuta, hamuwezi kujua tulivyoistaajabia. Tundu dogo karibu na kitovu. Hewa ya kaboni inaingizwa taratibu, tumbo linainuka, ndani panapatikana nafasi. Unapitisha darubini nyembamba kama kidole, yenye kamera kwa nje, na picha inatokea kwenye kioo. Tundu la pili ni la sindano au koleo la kukatia kinyama cha kupeleka maabara. Ini unaliona uso kwa uso, mfuko wa nyongo chini yake, na pande zote ambazo zamani daktari alizipapasa kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Mgonjwa kesho yake anatembea.

Kamera inahitaji mtu wa kuishika. Daktari Sanga alitutazama sote, akanielekezea kidole.

"Sista Tusekile, mkono wako hautetemeki."

"Ni woga, daktari. Umenigandisha."

"Basi endelea kuogopa," akasema, akanikabidhi.

Siku ile nilimtesa. Niliishika kamera upande, akawa anatazama mwili uliolala ubavu. "Sista, ini limepanda ukutani. Lishushe." Nikalishusha, likapotea. Mara utumbo, mara giza, mara kidole changu mwenyewe maana nilikuwa nimeichomoa bila kujua. Jioni shingo iliniuma kama niliyebeba ndoo kutoka mtoni. Lakini nilijifunza, na nawaachia niliyojifunza. Kwanza, kilipo chombo cha daktari ndipo unapotazama. Usiende kutembea na kamera kwa udadisi wako. Pili, kioo cha darubini hupata ukungu kinapoingia kwenye joto la tumbo, kwa hiyo kiloweshe kwanza kwenye maji moto. Sisi tuliyaweka kwenye chupa ya chai iliyoandikwa SI CHAI kwa wino mwekundu, na bado daktari mmoja mwanafunzi alijimiminia akatia na sukari. Tatu, mtungi wa hewa ukague wewe mwenyewe asubuhi. Usimwulize mtu. Kila mtu atakuambia umejaa. Nne, umeme ukikatika, usivute kitu. Simama hapo ulipo, shika ulichoshika, ngoja jenereta.

Nikazoea. Nikayajua maini kama wengine wanavyojua ng'ombe. Ini zima ni jekundu la kahawia, linang'aa, lina ukingo mwembamba. Ini lililochoka kwa pombe au kwa homa ya ini lina vinundu kama ganda la parachichi lile linalopelekwa nje ya nchi. Nyongo ikiziba kwenye mirija, ini lote hugeuka kijani. Na kuna yale madoa meupe, ambayo nilijifunza kuyaogopa.

Hapo ndipo upweke wa kazi hii ulipo, na hakuna aliyenionya. Mwenye ini amelala. Ndugu zake wako koridoni. Daktari macho yake yako kwenye ncha ya chombo chake. Wewe mshika kamera ndiye umesimama tu, unatazama. Unajua habari ya mtu kabla yake, na si yako kuisema. Majibu ni ya daktari. Na kwetu huku hata daktari hampi mgonjwa. Ndugu wanachagua msemaji wao, mara nyingi kaka mkubwa au mjomba, yeye ndiye anaitwa chumbani, na yeye ndiye anaamua mgonjwa aambiwe nini na afichwe nini. Kwa hiyo unatoka kunawa, unapita koridoni, watu wanakusoma uso. Nilijitengenezea sura moja isiyosema kitu, nikaiita sura ya kwenda dukani. Niliivaa miaka mingi. Kuna siku nilifika nayo nyumbani nikasahau kuivua.

Aliyekuwa ananivua sura hiyo ni mume wangu, Baba Furaha. Alikuwa fundi wa mashine za kumenyea kahawa, anazunguka Mbozi yote wakati wa msimu, mikono haitoki grisi hata siku ya Krismasi. Binti yetu Furaha alikuwa ameolewa Mwanza, kwa hiyo jioni tulikuwa wawili, na jioni ndipo alipokuwa ananihoji. Sikumtajia majina. Nilimsimulia tu tulichoona, naye alisikiliza kama fundi anayesikiliza habari za gereji nyingine.

"Kwa hiyo mpaka muingize taa ndani ndipo mjue?" alikuwa akinitania. "Mimi mashine ikikohoa tu, najua ni beringi."

"Beringi zako hazina ndugu koridoni."

"Hapo umenishinda," anasema, ananyoosha sahani aongezewe mboga.

Nilimsimulia habari za yule mchimbaji mdogo wa dhahabu aliyeletwa kutoka upande wa Mkwajuni. Kijana mwenye mwili uliokwisha, tumbo limejaa maji, na altrasaundi imeonyesha uvimbe kwenye ini. Kila mtu alishasema saratani. Kaka yake, ndiye aliyekuwa msemaji, alinivuta pembeni kabla hata hatujaanza, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista, mwili tukiondoka nao leo, gari linaruhusiwa kuingia mpaka hapa?" Mgonjwa mwenyewe alikuwa amelala hatua chache kutoka pale, anatutazama.

Tukaingiza kamera. Tumbo zima lilikuwa na vipunje vyeupe, juu ya ini, kwenye kuta, kila mahali, kama mtu amemwaga chenga za mchele. Daktari mwanafunzi aliyekuwa nasi akasema, "Imeshasambaa." Daktari Sanga akaomba koleo. Alikata vinyama, tukavitia kwenye kichupa cha dawa, kichupa kikapanda basi la Mbeya kwenye mfuko wa konda. Majibu yalipokuja, ilikuwa kifua kikuu kilichoingia tumboni. Akameza vidonge vyake miezi kadhaa, na siku moja nikaitwa getini nikamkuta amekuja akiendesha pikipiki yake mwenyewe, amefunga jogoo kwenye kiti cha nyuma. Sikumtambua mpaka alipocheka.

"Kumbe kamera yenu haijui," Baba Furaha akasema jioni ile, tukila jogoo mwenyewe.

"Kamera inaonyesha. Kujua ni kwa maabara."

"Sasa mkishaona meupe, mnafanyaje mkiwa hamjajua?"

"Tunanyamaza."

Akaacha kutafuna. "Kazi yako ina ukimya mwingi, Mama Furaha." Ni yeye peke yake aliyewahi kuliona hilo.

Niwaeleze na habari za yule mama wa Isansa, kwa sababu bila yeye hamtaelewa yanayokuja. Kwa wenye mawe kwenye nyongo, kutoka thieta mapema ni heri. Kuna mama mfanyabiashara kutoka ng'ambo ya mpaka, tulimtoa mfuko wa nyongo upesi, akaamka akatushukuru kwa Kibemba, "Natotela, natotela" wodi nzima, na kila mtu akafurahi naye. Lakini kuna wagonjwa wengine. Hao wana uvimbe kwenye mirija ya nyongo au kwenye ini, na picha zilizopigwa hospitali kubwa ya mjini zimesema huenda unaweza kukatwa ukaisha. Kabla ya kuwapasua, tunaingiza kamera kwanza, tutazame kama kuna madoa madogo yaliyoponyoka kwenye picha. Yasipokuwepo, tumbo linafunguliwa, uvimbe unakatwa, na hiyo ni kazi ya kutwa nzima. Yakiwepo, hakuna faida ya kumkata mtu. Tunachukua kinyama, tunatoa hewa, tunashona vitundu, tunamrudisha. Kwa hao, kitanda kikitoka mapema, mambo yameharibika.

Mama wa Isansa alikuwa wa namna hiyo, na madoa yalikuwepo. Tulimtoa kabla ndugu zake hawajafungua hata chakula walichobeba. Mlango ulipofunguliwa wakaona kitanda, wakapiga vigelegele. "Tayari! Mapema hivi!" Dada yake akanikumbatia na gauni langu la kijani, akaniambia, "Sista, mna mikono myepesi, Mungu awabariki." Nikabaki nimesimama, kofia mkononi, nikibarikiwa. Tangu siku hiyo niliona kosa lile lile likirudiwa pale koridoni, na watu wengine kabisa, na wimbo wao, na furaha yao. Huwezi kuwalaumu. Kila mtu anayesubiri nje ya mlango anataka mlango ufunguliwe.

Nilimsimulia Baba Furaha. Akasema, "Kwa hiyo kwenu, anayekawia ndiye mzima."

"Wa aina hiyo, ndiyo."

"Ni vigumu kukumbuka."

Hakusahau.

Ugonjwa wake ulianza na kujikuna. Alisema ni maganda ya kahawa, msimu ulikuwa umekolea, hata mimi nilitaka yawe maganda ya kahawa. Kisha mchana mmoja wa Jumapili alikuwa amekaa dirishani anakula, akainua uso kunitania jambo, mwanga ukamwingia machoni, nikaona njano kwenye weupe wa jicho. Yeye alikuwa hajajua. Nyumbani kwangu mwenyewe, mezani kwangu, nikawa tena nimemjua mtu kabla yake. Nilimwacha amalize kula. Nilimwongezea maziwa. Kisha nikamwambia, "Baba Furaha, kesho tunaongozana kazini kwangu."

Vipimo vilifuatana. Altrasaundi mpya ilionyesha mirija ya nyongo imetanuka, picha za mjini zikaonyesha uvimbe mahali mirija inapokutana chini ya ini. Mjini walisema huenda unakatika. Daktari Sanga akapanga na bingwa mmoja wa ini aliyekuwa anakuja kwetu mara moja moja: wataingiza kamera kwanza, na ndani pakiwa safi, wataendelea kukata siku hiyo hiyo. Nilimwomba nishike kamera.

"Hapana, Sista."

"Mkono wangu hautetemeki."

"Najua. Ndiyo maana nakukatalia," akasema. Nilimkasirikia, lakini alikuwa sahihi.

Kwa hiyo asubuhi ile, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, nilikaa koridoni. Benchi lile ni gumu, na lina msumari upande wa kushoto ambao tangu hapo niliagiza ugongwe. Tulikuwa wengi. Alikuwepo shemeji yangu Yohana, kaka mkubwa wa mume wangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, ndiye aliyechaguliwa kuwa msemaji. Walikuwepo wake wa ukoo na kina mama wa kwaya. Walikuja na maandazi na ndizi za kuchemsha kwa ajili ya kusubiri kutwa. Shemeji akaomba kwa sauti, wote tukainamisha vichwa. Waliomba atoke salama, atoke upesi. Mimi kimoyomoyo niliomba asitoke. Niliomba mlango ule ukae umefungwa mpaka jua lishuke, tuchoke, chakula kiishe, watu waanze kununa. Nilikuwa nimebanana katikati ya ndugu, bega kwa bega, na sijawahi kuwa peke yangu kama pale.

Nilisikia magurudumu kabla yao. Ninyi mnaujua mlio ule, gurudumu la nyuma linalolia. Nikajiambia ni toroli la vyombo. Mlango ukafunguliwa, kikatoka kitanda, na juu yake mume wangu amelala, uso umetulia, na jua bado liko kwenye madirisha ya upande wa mashariki.

"Haleluya!" akasema mama mmoja wa kwaya. "Wamemaliza!"

Vigelegele vikapanda. Wake wa ukoo wakanishika mikono, mmoja analia, mmoja anacheka. "Mama Furaha, umeona? Umeona Mungu?" Wakaanza wimbo wa shukrani, ule wenye kiitikio kirefu. Muuguzi aliyekuwa anasukuma kitanda, mmoja wenu, sitamtaja, alinipita akiwa amevaa sura ya kwenda dukani. Mimi ndiye niliyemfundisha. Alijua kwamba najua, na wala hakuweza kunigusa bega. Nilirudi nyuma mpaka kwenye benchi. Nilikaa, na watu wakadhani ni furaha.

Shemeji aliitwa chumbani kwa daktari. Alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika rangi, lakini wimbo haukukatika, naye hakuukata. Alinivuta kwenye dirisha.

"Shemeji, wameniambia," akasema. "Ni mbaya. Imesambaa."

"Ndiyo, shemeji."

"Umeshaambiwa?"

"Hapana."

Alinitazama, hakuelewa, na hakuwa na nafasi ya kuelewa. "Sikiliza," akasema. "Huyu nimemlea mimi, baba yetu alituacha yeye hajaanza shule. Namjua. Akiambiwa, atakufa kwa kuambiwa, kabla ya ugonjwa. Asiambiwe. Furaha nitampigia mimi mwenyewe, mimi ndiye baba yake mkubwa. Lakini yeye asiambiwe. Naomba uniahidi."

Alikuwa analia, mtu mzima, ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kwa desturi yetu neno lilikuwa lake. Na miaka yote ile mimi ndiye niliyeishi kwa neno la wasemaji wa watu wengine, nikapita mbele ya wagonjwa wao nimefunga mdomo. Ningemwambia nini? "Sitamwambia mimi," nikasema. Akanishukuru, akaenda kuungana na waimbaji.

Nikaingia wodini. Nilivuta kiti, nikamshika mkono wenye grisi isiyotoka. Aliamka taratibu kama wanavyoamka wote, akalamba midomo, akaniona. Nikamtabasamia kwa sura yangu ya kazi. Alinitazama muda mrefu, kisha akageuza kichwa kuelekea dirishani, ambako jua lilikuwa linaingia moja kwa moja mpaka kitandani.

"Mama Furaha," akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Ni jioni?"

Ningeweza kumwambia ni jioni. Dawa ya usingizi bado ilikuwa kichwani, angelala tena, na akiamka tena ingekuwa jioni kweli. Shemeji alikuwa koridoni na ahadi yangu. Sikuwa nimeahidi chochote kuhusu jua.

"Ni asubuhi," nikasema.

"Ya kesho?"

"Ya leo."

Akafumba macho. Nje walikuwa wamefika kwenye kiitikio. Nilidhani amelala, mpaka niliposikia mkono wake unabana wangu.

"Kaka amekuambia nisiambiwe," akasema, bila kufumbua macho.

"Ndiyo."

"Basi usiniambie." Akapumua. "Mwache. Ataumia sana akijua najua."

Tukausikiliza wimbo mpaka mwisho. Nililia, nikamfuta na yeye machozi.

Baadaye alipelekwa mjini akawekewa mrija mdogo wa kupitisha nyongo, kujikuna kukapungua, njano ikafifia, ndugu wakasema anapona. Shemeji alikuwa anakuja mara kwa mara na maziwa na habari za shamba. Anakaa kitandani kwa mdogo wake, anamwambia, "Mwakani tutapanda miche mipya kule bondeni, na mashine yangu utaifungua yote uisafishe." Naye Baba Furaha anabishana naye kwa bidii: miche ya aina gani, nafasi kiasi gani, na beringi zile ni lazima zitoke Mlowo kwa sababu za Tunduma ni bandia. Walibishana mpaka shemeji anacheka. Mimi nimesimama mlangoni na sinia la chai, nikiwatazama watu wawili wanaofichana kitu kile kile. Shemeji akishaondoka, mume wangu anageukia ukuta, hasemi na mtu, hata mimi, mpaka giza liingie. Hapo ndipo aliponionyesha spana zipi apewe nani, na akaniomba nisiuze baiskeli. Alifariki mwanzoni mwa msimu wa kahawa, asubuhi yenye ukungu, mashine zikiwa zimeanza kusikika mabondeni.

Nilirudi kazini. Mnakumbuka nilivyokuwa, asanteni kwa kunivumilia. Jambo moja nililiomba kwa Daktari Sanga, naye akakubali, na ndilo ninalowaachia, lishikeni: kamera ikitolewa mapema, mtu atangulie koridoni kabla ya kitanda. Asiseme majibu, majibu ni ya daktari. Aketi tu pale benchini na ndugu, awaambie, "Anatoka sasa hivi. Subirini daktari azungumze nanyi kwanza." Inatosha kuzuia vigelegele. Wengine watakuelewa, wengine watakuchukia. Keti hapo hapo.

Sasa niko nyumbani. Asubuhi napika chai ya watu wawili kwa mazoea, nyingine naimwaga. Jioni ndiyo mbaya zaidi, maana nina miaka ya mambo ya kusimulia na hakuna anayenyoosha sahani. Furaha anapiga simu, ananiambia nihamie Mwanza. Sitahamia.

Shemeji Yohana huja Jumapili baada ya ibada. Amezeeka, anatembea na fimbo. Miche ile ya bondeni aliipanda kweli, na kila akija ananiletea habari zake. Anakaa kwenye kiti cha mdogo wake, anasema neno lake, lile lile, hajawahi kuliruka hata Jumapili moja.

"Shemeji, nimekosea mengi kwenye ukoo huu. Lakini moja nililifanya sawasawa. Mdogo wangu aliondoka bila kujua. Hilo ndilo linalonipa usingizi."

Jumapili iliyopita aliongeza swali. Aliniinulia macho, yameanza kuingia ukungu wa uzee, akaniuliza, "Hakujua, sivyo? Wewe ulikuwa naye."

"Hakujua, shemeji," nikamwambia, nikamwongezea chai.